Spiriti imepita kwenye mkaa na bado ina kasoro: jinsi ya kutafuta chanzo

Tuseme umekeneka pombe ya sukari (umeichemsha na kuupoza mvuke wake uwe spiriti), ukaipitisha kwenye bomba la mkaa ulioamilishwa, ukaiacha itone kutwa nzima, na jioni ukakuta harufu ni ileile ya asubuhi. Wengi hapo huongeza mkaa. Usipofaulu, wanaipitisha tena, mara ya pili na ya tatu, na mwisho wanasema mkaa wenyewe ni feki. Mara chache mkaa huwa ndio wenye makosa. Kasoro nyingi zinazoonekana baada ya kuchuja zilizaliwa kabla ya kuchuja: kwenye pipa la kuchachusha, kwenye mtambo wa kukeneka, au kwenye maji ya kuzimulia (kupunguzia ukali). Kwa hiyo hapa tutaanzia kwenye dalili, turudi nyuma mpaka kwenye chanzo.

Kwanza, sheria. Nyuzilandi imeruhusu watu wazima kukeneka pombe kali nyumbani kwa matumizi yao wenyewe tangu 1996, ilimradi wasiuze. Ndiyo maana huko mitambo midogo, mabomba ya chujio na mifuko ya mkaa huuzwa dukani waziwazi, na ndiyo hali ninayoizungumzia hapa. Uingereza unahitaji leseni. Tanzania kukeneka gongo bila kibali ni kosa tangu sheria ya 1966. Kenya ilihalalisha chang'aa mwaka 2010, lakini kwa wenye leseni wanaofuata viwango, haikuhalalisha sufuria ya uani. Jua sheria ya mahali ulipo kabla ya kuwasha jiko.

Mkaa unashika nini, na nini unaachia

Mkaa wa chujio si mkaa wa kuchomea nyama. Ule mzuri kwa spiriti hutengenezwa kwa vifuu vya nazi: vinachomwa bila hewa, kisha vinapitishiwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 hadi 1000 za Selsiasi. Mvuke ule unatoboa vitundu visivyohesabika, vingi vyenye upana usiofika nanomita 2. Ukiweza kuzikunjua kuta za vitundu hivyo vyote, gramu moja ya mkaa ingekupa eneo la takriban mita za mraba 1000. Gramu saba zinatosha uwanja mzima wa mpira. Kwenye kuta hizo ndiko uchafu unakonasa.

Kwamba mkaa unasafisha pombe ni jambo la zamani. Johann Tobias Lowitz, mfamasia wa St. Petersburg, aligundua mwaka 1785 kwamba mkaa wa kawaida unaondoa rangi na harufu kwenye vimiminika, na baadaye akautumia kusafisha spiriti ya nafaka. Mkaa ulioamilishwa viwandani ulikuja zaidi ya miaka mia moja baada yake.

Jambo la kushika hapa ni hili: mkaa unapenda molekuli kubwa zisizopenda maji. Unashika vizuri alkoholi nzito za jamii ya isoamili (zile zinazoitwa mafuta ya fuseli), esta ndefu (kemikali zenye harufu kama ya matunda), asidi za mafuta na harufu za hamira iliyooza. Molekuli ndogo zinazopenda maji zinateleza. Methanoli inapita. Asetaldehaidi inapita karibu yote. Asetoni inashikwa kidogo tu. Ukilijua hilo, nusu ya maswali yamejibika.

Anza na jaribio la chupa

Kabla ya kugusa bomba, fanya jaribio hili. Linakula siku moja na linakuokolea wiki.

Zimua spiriti yako hadi kilevi kiwe asilimia 40 au 45. Jaza chupa mbili za kioo za nusu lita, zenye mdomo mpana. Moja iache kama ilivyo. Nyingine itie gramu 10 hadi 20 za mkaa mpya uliouosha kwa maji ya moto, ukauchuja maji vizuri. Funga zote, zitikise kila ukipita karibu nazo, ziache saa 24. Chuja ile ya mkaa kwa karatasi ya kahawa. Kisha chukua kidogo kutoka kila chupa, ongeza maji safi ya uvuguvugu kiasi sawasawa mpaka ibaki kama asilimia 20, na unuse. Kwa nguvu hiyo kilevi hakichomi tena pua, na kila kilichojificha kinajitokeza. Spiriti ikinuswa ikiwa asilimia 40 au zaidi inaficha mambo mengi.

Matokeo yanasomwa hivi. Kama ya chupani imesafika na ya bomba haikusafika, mkaa wako ni mzima na spiriti haina neno. Kosa liko kwenye bomba au kasi ya kutona. Kama ya chupani imepungua harufu lakini haikwisha, rudia kwa mkaa maradufu: ikiboreka, ni wingi wa uchafu, isipoboreka, kilichobaki ni kitu ambacho mkaa hauwezi kukishika, na dawa yake iko kwenye mtambo. Na kama ya chupani imekuwa mbaya kuliko ile isiyotiwa kitu, mkaa wenyewe ni mbovu. Hapo ndipo unapokuwa na haki ya kuulaumu.

Harufu haikupungua kabisa

Hii ndiyo dalili inayoleta watu wengi, na ina vyanzo vingi kuliko nyingine zote. Ninavipanga kwa jinsi vinavyotokea mara kwa mara.

Cha kwanza ni nguvu ya kilevi. Mtambo mzuri wenye mnara unatoa spiriti ya zaidi ya asilimia 90, na mtu anaona hasara kuizimua kabla ya kuchuja, kwa kuwa lita zitakuwa nyingi za kupitisha. Lakini kwenye asilimia 90 mafuta ya fuseli yako raha mustarehe ndani ya ethanoli. Yameyeyuka humo na hayana sababu ya kuhamia kwenye mkaa. Isitoshe ethanoli yenyewe inagombania nafasi kwenye vitundu. Ukizimua hadi asilimia 40 au 50, maji yanayasukuma mafuta yale nje, na ukuta wa mkaa unakuwa kimbilio. Mkaa uleule, spiriti ileile, tofauti kubwa. Usichuje kitu kilichozidi asilimia 50.

Cha pili ni kasi. Molekuli inahitaji muda wa kuingia ndani ya kitundu, kwa sababu sehemu kubwa ya eneo la mkaa liko ndani ya chembe, si juu yake. Bomba la urefu wa mita 1.5 na upana wa ndani wa milimita 40 linabeba takriban lita 1.9 za mkaa, yaani kati ya gramu 800 na 900. Kwenye bomba hilo, lita moja kwa saa ni mwendo mzuri: spiriti inapata muda wa kutosha wa kukaa na mkaa. Usikisie kwa macho. Weka kikombe cha kupimia chini ya bomba. Kwa dakika 6 kipate mililita 100. Kikipata 300, funga valvu kidogo.

Umbo la bomba lina maana kuliko watu wanavyodhani. Mkaa ule ule wa gramu 800 ukiwekwa kwenye ndoo pana, spiriti inapita katikati na kuacha pembeni pakiwa hapajaguswa. Bomba refu jembamba linalazimisha kila tone lipite mbele ya mkaa mwingi. Vile vifaa vidogo vya mkebe vyenye mkaa wa kimo cha kiganja vinafaa kumalizia spiriti iliyo safi tayari. Usivitegemee kwa spiriti yenye harufu nzito.

Cha tatu ni njia za mkato ndani ya bomba. Mkaa mkavu ukimiminwa bombani, hewa inabaki kati ya chembe na ndani ya vitundu. Ukimwaga spiriti, mapovu yanapanda, chembe zinatengana, na kunatokea vijia ambavyo spiriti inavifuata bila kugusa mkaa. Dawa ni kujaza bomba ukiwa na mkaa uliolowa. Loweka mkaa kwenye maji yaliyochemka, uache usiku mzima mpaka utulie chini na mapovu yaishe. Weka maji bombani hadi theluthi, kisha mimina mkaa pamoja na maji yake kidogo kidogo, ukigonga bomba kwa mpini wa kijiko cha mbao. Tangu hapo usiruhusu kimo cha maji au spiriti kishuke chini ya mkaa. Kikishuka, hewa imerudi, na bora uanze upya.

Kuna vyanzo vingine vya kutazama haraka. Chembe kubwa za milimita 3 au 4, zile za kusafishia hewa au matangi ya samaki, zina njia ndefu mno ya kufika ndani. Tafuta chembe za kati ya milimita 0.4 na 1.7, zilizoandikwa kuwa ni za vyakula na vinywaji. Joto nalo linapunguza mshiko, kwa hiyo usichuje spiriti ingali vuguvugu kutoka mtamboni. Na mfuko wa mkaa ulioachwa wazi stoo karibu na rangi, petroli au viatu vya ngozi umeshajaza nafasi zake kwa harufu hizo kabla hujautumia. Ufunge vizuri, uweke kwenye ndoo yenye mfuniko.

Ukimaliza yote hayo na harufu bado ipo, rudi mtamboni. Harufu kali ya dawa ya kufutia rangi ya kucha ni ethili asetati na wenzake wa matone ya mwanzo, yale yanayotoka kwanza mtamboni na ambayo hutengwa. Hukutenga vya kutosha. Harufu ya kadibodi iliyolowa au ya mbwa aliyenyeshewa ni ya matone ya mwisho. Ulichelewa kuacha kukusanya. Mkaa unaweza kupunguza ya pili, ile ya kwanza unaipunguza kidogo sana. Zimua spiriti yote hadi chini ya asilimia 40, kwa usalama wa moto, uikeneke tena na utenge kwa ukali zaidi. Kama una mpango wa kukeneka mara mbili tangu mwanzo, napendelea mkaa utumike katikati: zimua zao la kwanza, lipitishe kwenye mkaa, ndipo ukeneke mara ya pili. Vumbi na majivu yote yanabaki kwenye sufuria ya mtambo, na kinachotoka ni safi zaidi kuliko kuchuja mwishoni.

Lita za mwanzo zilikuwa safi, kisha harufu ikarudi

Mkaa umejaa. Ndani ya bomba uchafu unanasa kwanza juu, kisha eneo lililojaa linashuka polepole mpaka linafika chini, na hapo harufu inatoka ghafla. Haitoki kidogo kidogo, ndiyo maana mtu anaweza kuharibu ndoo nzima iliyokwisha kusafishika kwa lita mbili za mwisho. Usikusanye kwenye chombo kimoja. Kusanya kwenye chupa za lita moja, uzipe namba, na uchanganye baada ya kuzinusa.

Kuna namna nyingine inayowachanganya hata wazoefu. Mtu amechuja spiriti ya asilimia 40 vizuri kabisa, kisha kwenye bomba lilelile anamwaga ya asilimia 70. Inayotoka inanuka kuliko iliyoingia. Kilevi kikali kimeosha uchafu uliokuwa umenasa na kuubeba. Mkaa haufungi uchafu milele. Unaushikilia kulingana na kinachopita. Kila kundi lichujwe kwa nguvu ileile au ndogo zaidi.

Na kuna walioamini kwamba kuacha spiriti ilale ndani ya mkaa wiki nzima ndiko kusafisha. Mkaa ulioamilishwa unasaidia oksijeni ya hewa kugeuza sehemu ya ethanoli kuwa asetaldehaidi, yenye harufu ya tofaa bichi. Saa 24 za jaribio la chupa hazina shida kubwa. Wiki ina shida.

Ukungu mweupe

Spiriti ilikuwa angavu, ukaongeza maji, ikawa kama maji ya mchele. Au ilikaa angavu, na baada ya siku tatu kuna vipande vyeupe kama vumbi la chaki vimelala chini ya chupa. Hayo ni magonjwa mawili tofauti.

Ukungu unaotokea papo hapo wakati wa kuzimua, hasa ukishuka chini ya asilimia 45, ni mafuta. Matone ya mwisho yalikuwa mengi, na maji yameyafukuza mafuta hayo kutoka kwenye ethanoli. Hakikisha hivi: mimina kidogo kwenye glasi, ongeza spiriti kali ya asilimia 90, ukungu ukipotea, ni mafuta. Habari njema ni kwamba hayo ndiyo mkaa unayapenda. Iache itulie siku moja mahali pa baridi, kisha ipitishe kwenye mkaa polepole. Usiipashe moto ili ing'ae. Yatayeyuka tena na kupita chujio.

Vipande vyeupe vinavyokuja baadaye ni chumvi za kalsiamu na magnesiamu kutoka kwenye maji magumu. Chumvi hizo zinakaa vizuri majini, lakini kwenye kilevi haziyeyuki, kwa hiyo zinajitenga taratibu. Dondosha matone mawili ya siki nyeupe kwenye glasi ya sampuli. Ikisafika, ni chokaa. Anayetumia maji ya kisima cha Mombasa au Unguja, yaliyopita kwenye mwamba wa matumbawe, atakutana na hili kila mara. Kuchemsha maji kunaondoa sehemu tu. Zimulia kwa maji yaliyokenekwa au yaliyochujwa kwa mashine ya osmosisi, na tatizo limekwisha. Spiriti iliyokwisha kuchafuka iache itulie, nyonya juu kwa mpira wa silikoni, chuja mabaki.

Kuna ukungu wa tatu unaosababishwa na mkaa wenyewe. Mkaa wenye majivu mengi unapandisha ualkali wa spiriti, na kwenye ualkali chokaa inajitenga upesi zaidi. Kama maji yako ni laini lakini ukungu unatokea baada tu ya bomba, soma sehemu inayofuata.

Ladha ya majivu, sabuni au chumvi

Ulimi unateleza kidogo, koo linakauka, na spiriti haina harufu mbaya. Chovya karatasi ya kupimia asidi na besi kwenye spiriti iliyozimuliwa. Ikionyesha 8 au 9, majivu ya mkaa ndiyo yanayeyuka. Kila mkaa una majivu. Ule wa vifuu huwa nayo machache, wa makaa ya mawe mengi zaidi, na mkaa ulioandikwa kuwa umeoshwa kwa asidi una machache kuliko yote.

Unaweza kuuosha mwenyewe. Yeyusha kijiko kimoja cha chakula cha unga wa asidi sitriki kwenye lita mbili za maji ya moto, loweka mkaa usiku mzima, mwaga, kisha uoshe kwa maji ya moto tena na tena mpaka karatasi isionyeshe tofauti kati ya maji yanayoingia na yanayotoka. Hiyo hatua ya mwisho usiikate, la sivyo utahama kutoka ladha ya sabuni kwenda ladha ya ndimu.

Vumbi jeusi

Hukuosha vya kutosha. Osha mkaa kwa maji yanayopanda kutoka chini kwenda juu, vumbi lielee na kumwagika, mpaka maji yawe angavu. Weka karatasi mbili za kahawa chini ya bomba, juu ya kichujio cha chuma. Spiriti iliyokwisha kuingia vumbi ilaze siku nzima na uimimine kwa upole. Vumbi la mkaa halina sumu. Linaudhi jicho tu.

Mtiririko ukisimama, mara tisa kati ya kumi ni vumbi hilohilo limeziba karatasi. Badilisha karatasi. Kama karatasi ni safi, kuna povu la hewa limekwama. Gonga bomba, au sukuma maji kutoka chini.

Yai bovu

Nusa mkaa mkavu. Kisha mwagia maji yanayochemka na uunuse tena. Mkaa wa bei ya chini uliotokana na makaa ya mawe unaweza kuwa na salfa, na maji ya moto yanaitoa. Ukinuka, urudishe dukani.

Mkaa ukiwa mzuri, angalia kama bomba liliachwa na maji kwa siku nyingi. Bakteria wanaishi raha ndani ya mkaa uliolowa, na wao ndio wenye harufu ya mtaro. Mwaga mkaa huo, usijaribu kuuokoa.

Chanzo cha tatu kiko kwenye pipa. Hamira iliyokosa virutubisho, kama kwenye maji ya sukari tupu, inatoa haidrojeni salfaidi. Mkaa wa kawaida unaishika kidogo. Shaba ndiyo dawa: vipande safi vya shaba ndani ya njia ya mvuke wa mtambo hushikana na salfa na kugeuka vyeusi. Mkaa usipewe kazi ya shaba.

Ladha ya plastiki

Tazama bomba lako kabla ya mkaa. Bomba la PVC la fundi bomba limechanganywa na viongezo ambavyo kilevi kinaweza kuvitoa, na gundi ya viungio ni mbaya zaidi. Chupa za maji, mipira ya bustani na gasketi za mpira wa kawaida zote zimo kwenye kundi hilo. Tumia stenlesi au kioo, na viungio vya silikoni ya vyakula au tefloni. Spiriti iliyokwisha kupata ladha ya plastiki usiinywe na usijaribu kuichuja. Huwezi kujua kilichoingia.

Kilevi kimeshuka

Iliingia asilimia 45, chupa ya kwanza ina 20. Mkaa uliolowa ulikuwa umebeba maji, na spiriti imeyasukuma mbele yake. Tenga sehemu hiyo ya mwanzo, uitumie kuzimulia kundi lijalo. Mwishoni fanya kinyume: mwaga maji juu ya bomba yaisukume spiriti iliyobaki, na uache kukusanya kipimo kinapoanguka.

Kabla ya hapo, hakikisha kipimo chenyewe. Vipimo vingi vya kilevi vimetengenezwa kwa nyuzi 20. Spiriti ya asilimia 40 ikipimwa kwenye nyuzi 30 kipimo kitaonyesha karibu 44. Anayepima mchana wa joto bila jedwali la marekebisho atazimua kupita kiasi na kuulaumu mkaa kwa kitu ambacho haukukifanya.

Spiriti ya asilimia 40 huanza kutoa mvuke unaoweza kushika moto kwenye takriban nyuzi 26. Chumba cha kuchujia kiwe na hewa inayopita, mbali na jiko, sigara na friji ya zamani inayotoa cheche.

Kichwa kinauma, na swali la methanoli

Hapa nataka nieleweke bila utata. Mkaa hauondoi methanoli. Bomba la mita tatu halitaiondoa. Ni molekuli ndogo, inapenda maji, na iko pamoja na ethanoli nyingi mno kiasi kwamba haina nafasi kwenye vitundu. Hata hospitalini, mkaa wa dawa unaopewa watu waliokunywa sumu nyingine hausaidii kwa methanoli, kwa sababu hiyohiyo.

Pombe ya sukari na hamira ina methanoli ndogo sana, kwa kuwa methanoli inatokana na pektini ya matunda. Maganda, mabibo na ndizi huleta zaidi, na hapo kutenga matone ya mwanzo hakuiondoi yote, kwani inatoka pia katikati na mwishoni. Kichwa kinachouma asubuhi kwa kawaida kinatokana na wingi wa pombe yenyewe.

Vifo vinatokana na jambo jingine: mtu kuongeza methanoli ya viwandani kwenye pombe. Nairobi, Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa hivyo, na wengine wakapofuka. Kusini-magharibi mwa Uganda mwaka 2010 waragi iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu. Kwa hiyo spiriti usiyoijua ilikotoka usiisafishe kwa mkaa kwa matumaini. Imwage. Methanoli haina harufu ya kukuonya, na spiriti iliyopita kwenye mkaa itanukia vizuri na bado iue.

Mtu akinywa na baada ya saa 12 hadi 24 akaanza kuona ukungu machoni, tumbo likauma, akatapika na kupumua kwa kasi, mpeleke hospitali mara moja na useme unashuku methanoli. Wana dawa ya fomepizoli, au wanatumia ethanoli kwa kipimo, na mashine ya kusafisha damu. Saa chache ndizo zinazoamua kama atabaki na macho yake.

Kutumia mkaa tena

Duka likikwambia uuchemshe na kuukausha kwenye oveni, jua kinachopatikana. Maji yanayochemka yanaondoa ethanoli na harufu nyepesi. Mafuta ya fuseli yanabaki. Ili vitundu vifunguke kweli unahitaji joto la mamia ya nyuzi bila oksijeni, na oveni ya jikoni haifiki huko. Mkaa uliochemshwa unafaa kwa kundi moja zaidi la spiriti iliyo safi tayari, nami nisingeutumia kwa jingine lolote.

Kinachonitia wasiwasi ni oveni. Mkaa uliolowa kilevi ukiwekwa kwenye oveni iliyofungwa, mvuke unajaa ndani na waya wa moto uko palepale. Kabla ya kuupasha popote, upitishe maji mengi, kisha uchemshe nje kwa nusu saa bila mfuniko, kwenye jiko la umeme lisilo na mwali. Ule usioutaka tena, uoshe vivyo hivyo kwa maji, uuanike juani mpaka ukauke kabisa, uuchanganye na udongo wa bustani. Usiutupe ungali na spiriti kwenye pipa la taka.